Chungu Chini ya Mto: Vihisi vya Seramiki na Maji ya Migori na Homa Bay



Bibi yangu, au dana kama tunavyosema kwa Kijaluo, hakununua chungu sokoni bila kukigonga. Alikishika mdomo kwa mkono wa kushoto, akakiinua kidogo kutoka ardhini, akakipiga kwa kifundo cha kidole, kisha akatega sikio. Chungu kizima kililia. Chenye ufa kilitoa sauti butu, kama ya mtu anayesema huku amejifunika shuka. Muuzaji angeweza kuapa kwa majina ya wazee wake wote. Dana alikuwa ameshakirudisha chini na kuhamia kingine.

Nimefanya kazi ya vyombo vya kupimia kwa miaka mingi, na sijapata maelezo mafupi ya kazi hiyo kuliko yale aliyonionyesha yeye. Unakigusa kitu, kinabadilika kidogo sana, na badiliko hilo linakwambia jambo lisiloonekana kwa macho. Leo nitawaeleza juu ya chungu kingine, kidogo, kipana kiasi cha sarafu ya shilingi 20, ambacho tunakizamisha mtoni ili kitwambie maji yamesimama wapi. Hoja yangu naisema mapema. Kwa mito yetu na ziwa letu, kihisi cha seramiki ndicho cha kuchagua. Lakini seramiki haituponyi na uzembe juu ya vile vinavyoizunguka: pete ya mpira, waya, hewa iliyo nyuma yake, na mtu wa kwenda kuitazama.

Nianze na maji yenyewe, maana ndiyo yaliyonileta katika kazi hii. Mto Kuja huanzia milima ya Kisii, ambako huitwa Gucha. Hushuka, hupokea maji ya Mto Migori, kisha hutambaa kwenye tambarare ya Nyatike hadi Ziwa Victoria. Aliyezaliwa huko chini anajua kwamba mafuriko huja siku ya jua. Mvua imenyesha mbali, kwa watu wengine; wewe umeanika omena, anga ni jeupe, na maji yanaingia uani. Rachuonyo Kaskazini, kwenye nyanda ambako Mto Sondu Miriu huishia, wanayajua hayo vilevile.

Ziwa nalo lina njia yake ya kuongeza msiba. Tarehe 30 Septemba 2019, geji ya Jinja, Uganda, ambako Nile hutoka ziwani, ilisoma mita 12.00. Tarehe 30 Aprili 2020 ilisoma mita 13.32. Mwezi uliofuata maji yakapita rekodi ya mita 13.41 iliyokuwa imesimama tangu Mei 1964, miaka michache baada ya mvua kubwa za 1961 ambazo wazee bado huziita mafuriko ya Uhuru. Ziwa likipanda namna hiyo, mto unaoliingia hukosa pa kumwaga. Maji hurudi nyuma, hujaza mdomo wa mto, na Kuja hutapika mashambani hata kwa mvua ambayo miaka mingine ingepita kimya. Ndivyo ilivyokuwa Nyatike mwaka 2020. Kwa hiyo anayetaka kuwaonya watu wa Kabuto, hukohuko Nyatike, hapimi mto peke yake. Anapima mto na ziwa kwa pamoja, usiku na mchana, kwa miaka.

Tumeweza kulinganisha 2020 na 1964 kwa sababu maji ya ziwa hili yameandikwa tangu mwaka 1896. Kuna mtu aliyeshuka ukingoni, akatazama ubao wenye alama za sentimita, akaandika namba. Kesho yake akashuka tena. Wasomaji geji wetu hufanya hivyo hadi leo, asubuhi na jioni, na mimi huwavulia kofia. Lakini mafuriko hayasubiri asubuhi. Yakifika saa nane usiku, giza totoro, viboko wako malishoni kandokando ya mto, hakuna haki ya kumwambia mzee wa watu ashuke na kurunzi kusoma ubao. Hapo ndipo kihisi kinapohitajika.

Kinafanyaje kazi? Wengi wenu mnacho kimoja mfukoni. Kioo cha simu ya kisasa kimetandazwa nyaya nyembamba zisizoonekana, na kila mahali zinapokutana pana kapasita ndogo. Kidole kikikaribia, kiasi cha umeme kinachoweza kushikwa pale kinabadilika, na simu inajua umegusa wapi. Nendeni ufuoni Sori, Karungu, alfajiri boti zinapoingia. Mama anayenunua omena amelowa mikono, anataka kutuma pesa, na simu inaruka yenyewe huku na huku. Anaipangusa kwenye leso, anajaribu tena. Simu yake haijaharibika. Tone la maji limejifanya kidole. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia, kwa sababu limewahi kunitoa kitandani.

Kapasita ni vitu viwili vinavyopitisha umeme, vilivyotenganishwa na kitu kisichopitisha. Katika miaka ya 1745 na 1746, Mjerumani Ewald Georg von Kleist na Pieter van Musschenbroek mjini Leiden, Uholanzi, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba chupa ya kioo yenye maji inaweza kuhifadhi umeme na kumrusha mtu anayeigusa. Chombo cha kwanza cha kuhifadhi umeme kilikuwa mtungi! Baadaye ikajulikana kwamba mambo matatu ndiyo yanayoamua mtungi huo utashika kiasi gani: upana wa nyuso mbili zinazotazamana, ukaribu wake, na kilichomo katikati. Kwa hicho kilichomo katikati kuna namba. Hewa tunaihesabu 1. Udongo mkavu una namba ndogo tu, juu kidogo ya ile ya hewa. Maji yanakaribia 80. Ndiyo maana vipimo vingi vya unyevu wa mahindi, vile mnavyokutana navyo mkipeleka magunia kwenye bohari la nafaka na kuambiwa yasizidi asilimia 13.5, hupima kapasita tu: mahindi mabichi yana maji, na maji hayajifichi mbele ya umeme.

Kihisi chetu cha mtoni kinachezea jambo la pili, ukaribu. Chukueni kisahani kinene cha seramiki. Juu yake wekeni kisahani chembamba zaidi cha seramiki hiyohiyo, kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Mimi hukiita kiwambo. Nyuso zinazotazamana zimepakwa safu nyembamba ya dhahabu, na kingo zimeunganishwa kwa kioo kilichoyeyushwa. Katikati umebaki mwanya. Tuseme eneo la dhahabu ni sentimita 2 za mraba na mwanya ni mikromita 20, yaani chini ya theluthi ya unene wa unywele. Kapasita hiyo ina pikofaradi 88 hivi. Maji yakiukandamiza mwanya kwa mikromita 1 tu, ukabaki 19, inafika pikofaradi 93. Saketi ndogo iliyo nyuma inaisoma tofauti hiyo kwa urahisi, kwa nguvu kidogo mno, kiasi kwamba betri ndogo na kipande cha sola vinatosha. Kila mita ya kina cha maji inaongeza kilopaskali 9.8 za mkandamizo. Kiwambo hakijui mafuriko wala mvua. Kinajua mzigo ulio juu yake.

Sasa niseme juu ya udongo.

Mafundi wa bodaboda mlio hapa, mmeshika seramiki hii mara elfu. Ile sehemu nyeupe ya plagi ni alumina, oksidi ya alumini. Upande wake mmoja petroli inalipuka maelfu ya mara kwa dakika. Upande wa pili kuna waya na plastiki. Na katikati ile shingo nyeupe haiyeyuki, haipitishi umeme, haishiki kutu. Vihisi vingi vya aina ninayoieleza vimetengenezwa kwa alumina. Na kama mnadhani ni kitu cha kigeni, tazameni yakuti. Yakuti nyekundu zinazochimbwa Mangare, Taita Taveta, ni oksidi hiyohiyo ya alumini katika umbo la fuwele, ikiwa na chembe za kromiamu zilizoipa rangi. Katika vito vinavyojulikana, almasi ndiyo inayoipita kwa ugumu. Kiwandani unga wake husagwa laini sana, hushindiliwa kwenye kalibu, kisha huchomwa kwa nyuzi 1,600 hivi za selsiasi mpaka chembe zishikane bila kuyeyuka.

Moto wa wafinyanzi wetu wa nje, wa majani makavu na kuni, mara nyingi haufiki nyuzi 900. Lakini fikra ni ileile. Mama mfinyanzi anayetwanga vigae vya chungu kilichovunjika na kuvichanganya na udongo mbichi anajua jambo ambalo mhandisi wa seramiki hulisoma kwa miaka: chembe ngumu zilizokwisha kuungua huuzuia ufa usisafiri. Anajua pia kwamba chungu cha kupikia na mtungi wa maji havitaki udongo mmoja. Mtungi anauacha upumue, maji yajipenyeze taratibu na kukaukia nje, ndipo ya ndani yapoe. Chungu cha moto anakitengenezea kustahimili mshtuko. Kwa Kijaluo Mungu huitwa Nyasaye Jachwech, na jina hilo Jachwech limetoka katika kitenzi kilekile tunachotumia kwa kazi ya kufinyanga. Sioni kwa nini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya aingie darasa la sayansi ya seramiki akiwa na hofu ya mgeni.

Na udongo uliochomwa unadumu. Kwenye Mto Kuja pana maporomoko ya Gogo, ambako kituo kidogo cha umeme cha megawati 2 kimekuwa kikizunguka tangu miaka ya 1950. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Peter Robertshaw alichimba hapo jirani, akapata vigae vya zama mbalimbali, vikiwemo vya mtindo wa Kansyore, uliopewa jina la kisiwa cha Mto Kagera, vilivyofinyangwa kabla ya chuma kujulikana upande huu. Chuma cha kale kikipatikana katika udongo wa kwetu, mara nyingi ni donge la kutu ambalo mtaalamu analitambua kwa shida. Kigae kinatoka ardhini na michoro yake, unaona hata ukucha wa mfinyanzi ulipopita. Mimi nikitaka kitu cha kuzamisha katika mto huo na kukiacha, ushahidi huo naupokea kwa mikono miwili.

Vitabu vya uhandisi vikitaja mazingira magumu huleta mifano ya visima vya mafuta, tanuri, injini na maji ya bahari. Ni kweli, seramiki imethibitisha uwezo wake huko. Lakini ugumu wa mahali hauishii kwenye joto na tindikali. Mdomo wa Kuja wakati wa masika hubeba mchanga unaokwangua kama msasa, siku baada ya siku. Tope hutulia na kuganda. Magugumaji, yaliyotusumbua ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, husukumwa na upepo na kufunika kila kitu, na yakioza hunyima maji hewa na kuyabadilisha tabia. Radi hupiga. Fundi aliye karibu yuko mbali kwa saa kadhaa za barabara ambayo mvua hiyohiyo imeikata. Huo wote ni ugumu, na kifaa kinapaswa kuuhimili wote kwa pamoja.

Kihisi cha kawaida cha chuma kina kiwambo cha chuma cha pua, mara nyingi chembamba kuliko unywele, na nyuma yake mafuta yanayoupeleka mkandamizo kwenye kipande cha silikoni. Katika maji safi ni kifaa bora, sitakivunjia heshima. Mtoni kwetu nimekitoa kikiwa na kibonyeo kidogo kilichoachwa na jiwe, na tangu siku hiyo kilikuwa kimeongeza sentimita kadhaa kwenye kila usomaji, kimya kimya, bila kumwambia mtu. Hapo ndipo ninapoipenda seramiki kuliko mahali pengine popote. Seramiki haijui kupinda ikabaki imepinda. Ukiisukuma kupita kiasi, kiwambo hulalia mgongo wake, kile kisahani kinene, na mzigo ukiondoka hurudi palepale kilipokuwa. Kisiporudi kimevunjika, na namba zinaharibika waziwazi kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne angejua. Hakina hali ya tatu ya kudanganya polepole. Ni chungu cha dana: kinalia au hakilii. Tena kiwambo chake ni kinene zaidi na hakina mafuta nyuma yake ya kuvuja.

Sifa hizo hazina kazi mtoni pekee. Awendo, kwenye kiwanda cha sukari cha Sony, na Ndhiwa pia, maji ya miwa huchanganywa na chokaa, hupashwa moto, hutiririka na makapi. Chombo cha kupimia kina cha tangi pale hukutana na utamu unaoganda na mchanga uliokuja na miwa. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori, tope la mawe yaliyosagwa hula pampu na kila kilichofungwa kwenye bomba. Na karibu na Kendu Bay tuna Simbi Nyaima, lile ziwa la magadi ambamo masimulizi yanasema kijiji kizima kilizama baada ya bikizee kunyimwa ukarimu. Maji yake yana pH inayokaribia 10. Alumini ya kawaida, ile ya sufuria, huliwa na magadi. Ichome iwe oksidi, na maji yaleyale yanaipita kando.

Kuna ugumu mwingine ambao hamtaukuta katika karatasi za watengenezaji. Tarehe 20 Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kuingia gizani siku chache kabla. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa, lakini ilikiri hadharani jambo ambalo sisi wa vipimo tulilijua: chuma kilichosimama peke yake porini kina bei. Nimefika kwenye kituo nikakuta bomba limekatwa, sanduku limeng'olewa, na ubao wa geji umekwenda kwenye mizani ya kilo. Kisahani cha seramiki hakiuziki kwa kilo. Ukikiweka ndani ya bomba la plastiki, ukalifukia ukingoni, umempunguzia kijana wa watu kishawishi. Sioni aibu kuhesabu jambo hilo kama sifa ya kiufundi.

Basi, udhaifu wake. Mtu anayewauzia kitu bila kuwaambia udhaifu wake msimwamini, hata akiwa mhadhiri.

Kwanza, mshtuko wa joto. Mama yeyote anajua kwamba chungu kilichotoka motoni hakimwagiwi maji baridi. Kiwambo cha alumina kikioshwa kwa mvuke kiwandani, halafu maji baridi yakapita ghafla, upande wa mbele husinyaa kabla ya nyuma, kikapinda kwa joto na wala si kwa mkandamizo. Kwa sekunde kadhaa kinasema uongo, na ukizidisha kinapasuka. Mtoni hilo si tatizo kubwa, viwandani lizingatieni.

Pili, ile pete ya mpira, oringi. Seramiki haichomelewi kwenye chuma kirahisi, kwa hiyo mahali pengi kihisi hukaa ndani ya fremu na kuzibwa kwa mpira. Alumina itadumu kuliko mimi na nyinyi. Mpira una miaka yake. Watu hununua seramiki kwa bei kubwa, kisha wanaifunga kwa oringi ya duka la spea iliyokaa juani mpaka ikakakamaa. Kihisi hicho kitakufa kwa sababu ya kitu cha bei ya chai, na lawama itakwenda kwa udongo.

Tatu ni umande, nao nitausimulia kwa kirefu.

Nilikuwa nimefunga kihisi kwenye mto mmoja wa ukanda huu, sehemu ya chini, pamoja na vijana wawili wenye bidii. Kilikuwa cha aina yenye kijibomba chembamba ndani ya waya. Kazi ya kijibomba hicho ni kuleta hewa ya nje nyuma ya kiwambo, ili uzito wa angahewa uliopo juu ya maji usihesabiwe kama maji. Juu, kwenye sanduku, hewa hiyo hupita katikati ya punje za silika zinazonyonya unyevu. Usiku mmoja, saa tisa, simu yangu ikalia kwa ujumbe wa tahadhari: mto umepanda karibu mita moja ndani ya saa nne. Nikaketi kitandani moyo ukinidunda. Nilikuwa na namba za watu wa vijiji vitatu. Kabla ya kuwaamsha nikampigia msomaji geji, mzee aliyeshika daftari hilo tangu nikiwa shuleni. Nikamwomba msamaha kwa saa ile, nikamwambia asishuke ukingoni, amulike tu kutoka darajani. Akanyamaza kwa dakika kadhaa, nikisikia pumzi yake na mbwa wakibweka. Kisha akasema, "Mwanangu, mto umelala."

Usiku uliofuata ikawa hivyohivyo. Wa tatu vilevile. Mchana namba zilishuka kidogo, alfajiri zikapanda. Tulipokwenda tulikuta kifuniko cha sanduku kimepasuka, na punje za silika, ambazo huwa na rangi ya chungwa zikiwa kavu, zimekuwa kijani zote, zimeshiba maji. Nilipaswa kuzibadilisha miezi miwili nyuma. Sikuzibadilisha. Hewa nzito ya kando ya ziwa ilikuwa ikishuka na kijibomba hadi kwenye kihisi kilichopozwa na mto, na huko ikaacha umande.

Sasa rudini kwa mama wa Sori na simu yake iliyolowa. Hewa ni 1, maji ni 80. Katika mwanya wa mikromita 20, umande wa unene wa mikromita 1 tu juu ya dhahabu unaacha mikromita 19 za hewa, na kwa hesabu ya umeme yale maji ni kama hayachukui nafasi yoyote. Pikofaradi 88 zinakuwa 93. Ni badiliko lilelile hasa ambalo mto halisi ungelileta. Tone lisiloonekana kwa jicho lilikuwa limejifanya mafuriko, na kama si mzee yule na tochi yake ningewatoa watoto vitandani bure. Na mara ya pili, mafuriko yakija ya kweli, nani angenisikiliza?

Kuna dawa. Vihisi bora vina dhahabu ya pili, pete nyembamba kwenye ukingo ambako kiwambo karibu hakipindi kabisa. Mkandamizo hubadilisha katikati na kuacha ukingo. Umande hubadilisha vyote viwili, kwa hiyo saketi inaweza kuugundua. Dawa ya pili, ambayo mimi sasa naichagua kwa mito yetu, ni kuuziba mwanya kabisa ukiwa hauna hewa ndani, bila kijibomba, na kuweka baromita ndogo ukingoni ili uzito wa angahewa utolewe kwa hesabu. Msidhani ni jambo dogo. Kwenye mwinuko wa ziwa letu, mita 1,134 hivi juu ya bahari, angahewa inakandamiza kwa hektopaskali 885 au karibu na hapo, na kila siku katika nchi za joto hupanda na kushuka kwa hektopaskali 3 au 4, ikifikia kilele saa nne asubuhi na tena saa nne usiku. Hektopaskali 1 ni sentimita 1 ya maji. Bila baromita, mto wenu utaonekana ukipumua sentimita 3 au 4 mara mbili kwa siku, na mwanafunzi mwerevu ataandika tasnifu juu ya mawimbi ya Kuja yasiyokuwepo.

Niseme machache juu ya watu, halafu niwaache mkaulize.

Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Delft na John Selker wa Oregon kwa lengo la kusimika vituo 20,000 vya hali ya hewa barani Afrika, uliamua mapema mambo mawili ninayoyaheshimu: kuchagua vyombo visivyo na sehemu zinazozunguka, na kuviweka shuleni, mahali penye macho. Kenya imo katika mradi huo. Kwa vipimo vya mto naomba vivyo hivyo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina wataalamu, lakini mito ni mingi na gari ni moja. Shule ya sekondari iliyo kilomita moja kutoka darajani inaweza kupewa kopo la punje za silika, oringi za akiba zilizohifadhiwa gizani, na ratiba: kabla ya Machi, mvua za masika hazijaanza, na tena kabla ya Oktoba. Vijana wanne na mwalimu wa fizikia. Hawahitaji kujua kutengeneza seramiki ili kuilinda, ingawa ningefurahi sana kama mmoja wao angekuja kuitengeneza. Udongo tunao, dhahabu ya kupaka nyusoni inachimbwa Migori hapohapo, na mikono inayojua moto haijaisha.

Na ubao wa geji usiondolewe. Nimeona miradi inayoleta kihisi na kumwambia msomaji ahsante, nenda nyumbani. Kufanya hivyo ni kung'oa sikio la chungu. Kihisi kinasoma kila dakika 15, msomaji anasoma mara mbili kwa siku, na kazi yangu hasa inaanzia pale wawili hao wanapotofautiana.

Wiki hii wametofautiana. Kwenye kituo kimoja cha Nyatike, kwa siku tisa mfululizo, asubuhi kihisi kinasema maji yako sentimita 3 juu ya usomaji wa ubao. Jioni kinasema yako sentimita 4 chini ya usomaji huo. Kiwambo hakifanyi hivyo. Mto nao haufanyi hivyo. Kinachopanda na jua na kushuka na baridi ni hewa iliyofungiwa mahali, kwa hiyo nashuku tundu la baromita limezibwa. Msomaji geji ameniambia kwa simu kwamba ameona nyigu wakiingia na kutoka chini ya sanduku, wale wanaobeba udongo mbichi na kujenga vijichungu vya kulelea watoto wao. Jumamosi nitashuka na brashi ya meno, sindano, na kopo jipya la punje. Anayetaka kunifuata avae viatu vya mpira. Tutaondoka saa kumi na moja alfajiri.